Mama Alipoisikia Habari ya Wyoming

Harufu ya ncha za rasta zilizochovywa kwenye maji ya moto ndiyo iliyokijaza chumba chetu cha kupanga mtaani Bellevue, huku kusini mwa Afrika, mwaka ule wa 2016. Mama alikuwa msusi, mjane kutoka Lubumbashi, nami nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa historia alikuwa amempa kila mtoto jimbo moja la Marekani alisome. Mimi nikaangukia Wyoming, kule magharibi, jina ambalo hata kulitamka lilinishinda. Jioni Mama akisuka, nilimtafsiria kitabu cha maktaba. Nilimweleza kwamba huko wanawake walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1869, wakati karibu dunia nzima haijaliwaza jambo hilo. Baadaye Wyoming ilipoomba kuwa jimbo kamili, wakubwa wa Washington walisitasita kwa sababu ya kura hizo, lakini yenyewe haikukubali kuwaacha wanawake nje. Vidole vya Mama vikasimama kichwani mwa mteja.

"Rudilia hapo," akasema.

Siku hizo bomba la uani lilikuwa limekauka, na mwenye nyumba hapokei simu. Wanawake na watoto tulichota maji mtaa wa pili, viganja vikituwaka kwa vishikio vya ndoo. Jumapili, baada ya ibada, wapangaji walikutana uani kumchagua msemaji wa kumkabili mwenye nyumba. Papa Kalala, fundi cherehani wa chumba cha mbele, akatangaza kwamba kila chumba kina kura ya mkono mmoja, wa baba.

"Na chumba changu?" Mama akauliza.

"Eish, Mama Ngoie, wewe hauna bwana."

"Bwana sina. Ndoo niko nayo, na mkono pia." Akauinua. "Namtaka Mama Zuhura."

Mama Zuhura, muuza vitenge kutoka Tanga, akageuka kumtazama. Wanaume wakacheka. Mama hakuushusha mkono. Ndipo mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni akainua wake, mwingine akafuata, mwisho hata mke wa Papa Kalala. Kicheko kikafa. Papa Kalala akaihesabu ile mikono.

"Sharp," akakubali. "Ni Mama Zuhura, basi."

Mama Zuhura alimfuata mwenye nyumba dukani kwake kila asubuhi, akaketi pale na vitenge vyake, mpaka fundi bomba akaletwa.

Leo naishi mtaa wa Troyeville, maji yako ndani, nayafungulia bila kufikiri. Kura ya nchi hii bado sina, maana si raia. Nilipokuwa mtoto nilidhani historia ni mambo ya watu wa mbali. Siku hizi jengo letu likiitisha mkutano, nafika mapema na kukaa mbele.