Milango Tisa ya Baba

Mama alipokwenda Malindi kumwangalia dada yangu aliyejifungua, aliniachia nyumba na sharti moja. Makabati ya jikoni na ya bafuni ningeweza kuyapaka nitakavyo, maana moshi na mvuke vilikwisha kuyaharibu, ila kila mlango urudi pale pale baba alipouweka. Baba alikuwa seremala, na makabati yale ndiyo kazi yake ya mwisho kabla hatujamzika.

Nikaitikia upesi, kama kawaida yangu. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni ya mawe ya matumbawe, haina pembe moja iliyonyooka, kwa hiyo baba alikuwa amepiga randa kila mlango ukae kwenye nafasi yake tu. Hayo niliyajua vizuri. Hata hivyo nikaing'oa yote tisa asubuhi moja na kuilaza roshani kama samaki ng'onda wa kuanikwa. Muuza rangi, mzee wa Kihindi anayetujua tangu zamani, aliniuliza, "Milango umeitia alama, binti?" Nikamjibu kwamba kichwa changu kinatosha. Naona haya hata kuyaandika haya.

Ubavuni mwa kila mlango palikuwa na herufi ya Kiarabu kwa penseli, na nyingine kama hiyo ndani ya kabati. Nilidhani ni michezo yetu ya utotoni, tulipokuwa tukitoka chuoni kusoma Kurani na penseli mkononi. Nikazipiga msasa zote. Vanishi ilikuwa imekauka ndipo akili iliponijia: alifu kwa alifu, be kwa be. Zilikuwa alama zake baba. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira ya ujinga wangu.

Siku tatu nilihangaika. Mlango ulioonekana kufaa juu ya sinki haukufunga. Nilipougeuza ulifunga, lakini bawaba zikawa upande usio wake. Mmoja uliingia mahali pawili, na kabati la bafuni likakubali mitatu nusu nusu. Nilifika mahali nikawa siamini hata kushoto na kulia kwangu. Nilibaki na tumaini moja, kwamba mama angejua. Kwa miaka yote hiyo aliifungua na kuifunga, mikono yake isingesahau.

Alirudi arubaini ya uzazi ya dada ilipokwisha. Nilimwambia kabla hajavua buibui, na hakunigombeza. Aliketi mkekani, akaipakata milango mmoja mmoja, akiipapasa kingo. Sita aliitambua papo hapo, nami nikaanza kupumua. Ule wa saba aliugeuza, akaujaribu huku na kule, akauweka chini. Akachukua wa nane, kisha wa tisa, akaiweka chini nayo.

"Hii mitatu siiyui, mwanangu," akasema. "Babako angaliyuwa."

Nilimtazama usoni. Afadhali angenitukana. Alikuwa ameshtuka, kama aliyepapasa kitu alichokuwa na hakika nacho asikikute, na mimi ndiye niliyemtuma akitafute.

Tuliipachika ile mitatu popote iliposhika, na hakuna hata mmoja unaofunga. Kila siku mama husimama mbele ya ule wa bafuni, akausukuma kwa kidole, ukirudi akausukuma tena. Mpaka leo sielewi kama anavyousukuma vile ananikasirikia mimi au anajikasirikia mwenyewe kwa kuusahau, na naogopa kumuuliza.