Nilikataa kufuta video ya baba ili tupate nafasi kwenye akaunti

Wakuu, salamu kutoka Kasongo.

Hii ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Nitaisema ilivyo, hata pale nilipofanya ujinga.

Mimi ni mwanamke, fundi wa kushona. Kanzu, robe za akina mama, uniforme za shule. Kazi nilifundishwa na marehemu baba, na kabla hajafariki tulimrekodi video ndefu akikata kanzu, kutoka kupima mpaka shingo. Shingo ya kanzu ndiyo inayoaibisha mafundi wengi. Mpaka leo nikikwama namfungua baba nasikiliza.

Video ilichukuliwa na simu ya yaya Saidi, kaka yangu mkubwa anayenunua karanga kule Wamaza. Simu ile ilianguka mtoni akivuka Nyangwe, na ndiyo ikawa mwisho wake. Bahati, video ilikuwa imeshapanda kwenye cloud.

Sasa ujinga wenyewe. Akaunti ni yangu, lakini kwa sababu yaya hakumbuki mot de passe, lile neno la siri, hata kwa siku mbili, kila akinunua simu namwekea akaunti yangu. Msinicheke, najua hata kwenu mko wengi mnaofanya hivyo.

Mwaka huu simu ikaanza kelele: stockage imejaa, yaani nafasi imekwisha. (Simu zetu huku zinaongea Kifaransa, vumilieni.) Picha mpya hazipandi tena, si zangu za modèles za nguo, si za yaya.

Nikaingia kwenye ile sehemu ya kupunguza mizigo. App inakupangia vitu kutoka kikubwa kwenda kidogo na kukushauri ufute.

Wa kwanza kabisa juu ya orodha: baba.

Niliikasirikia simu kana kwamba ni mtu.

Yaya naye kumbe ameona orodha ileile huko aliko, maana akaunti ni moja. Akapiga.

"Futa ile ya baba. Iko kubwa kupita zote. Mutu alishakufa, utafanya nayo nini?"

Nikamwambia: "Yaya, siifuti. Na weye usiiguse."

Akanikumbusha kwamba yeye ndiye mukubwa na akaunti iko ya famille. Nikamwambia ukubwa ni wake, nauheshimu, lakini video haifutwi. Akakata simu.

Basi nikaanza kazi. Nikateremka orodha mpaka chini, kwenye vitu vidogovidogo. Wakuu, niliyoyaona! Vichekesho, magoli ya mpira, picha mia moja za magunia ya karanga, zote zinafanana, video za kutakiana asubuhi njema kutoka kila kundi alilomo yaya. Kimoja kimoja si kitu, lakini ukijumlisha vinampita baba mara nyingi.

Nikachagua vya kwangu kwanza. Screenshots, modèles zilizopitwa na wakati, video za harusi za watu nisiowajua. Futa, futa, futa.

Mstari wa nafasi haukusogea hata kidogo.

Nikauliza fundi wa simu pale sokoni. Akaniambia ukifuta, kitu kinaenda kwanza kwenye corbeille, lile pipa la takataka, na kikiwa humo bado kinahesabiwa. Lazima umwage pipa. Akanyoosha mkono anifanyie. Nikamwambia acha, nitamwaga mwenyewe.

Nashukuru sana kwa ule ubishi wangu.

Maana nilipofungua pipa, kabla ya kubonyeza, nikapitisha macho. Katikati ya vichekesho nikaona meza ya baba na chaki yake.

Mimi sikuiweka mle. Yaya alikuwa ameifuta akiwa Wamaza, bila kuniambia. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya neno "vider", yaani mwaga, na baada ya hapo hakuna kurudi.

Nikairudisha. Kisha nikaenda kwenye orodha ya vifaa vya akaunti, nikatoa simu ya yaya. Kwanza simu yake, ndipo nikagusa vitu vyake, ili nikifuta kwenye cloud visipotee mkononi mwake. Magoli yote nje. Pipa nikalipitia mara mbili, nikalimwaga. Nafasi ikarudi, na baba yumo.

Yaya alinishtaki kwa shangazi kwamba nimemfukuza kwenye famille. Shangazi akaniita niombe msamaha. Nikasema nitaomba kwa kutompa yaya taarifa, lakini kwa video siombi. Wiki nyingi hatukusalimiana.

Karibu na Idi akaja Kasongo, akasimama mlangoni kwangu na kitambaa cheupe. Anataka kanzu. Nikampima. Kisha nikaweka simu juu ya meza ya kukatia, nikafungua video pale pa shingo.

Baba anakata. Halafu anainua kichwa, anamtazama anayerekodi.

"Saidi, shika telefone muzuri. Weye hautashona, najua. Lakini dada yako atatafuta hii siku moja."

Na sauti ya yaya mwenyewe inajibu: "Ndiyo baba, naishika."

Yaya alikuwa amesahau. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniomba nirudishe nyuma kidogo, nikarudisha, akaomba tena. Kisha akasema niiweke na kwenye simu yake.

Nimemwekea. Na akaunti nimemfungulia ya kwake, mot de passe ameandikiwa na shangazi. Kwangu harudi.

Nilichojifunza: akaunti moja kwa mtu mmoja. Msianze na kikubwa, anzeni na takataka ndogo. Na pipa lisimwagwe kabla hujalitazama.

Wenye njia bora nielekezeni, na mnaoona nilimkosea kaka yangu semeni pia, nitajibu.

App mpaka leo inamweka baba juu kabisa na kuniuliza kama nataka kumfuta. Kila mara nabonyeza hapana.