Vile PDI moja kwenye mchoro iliokoa maziwa ya ngamia hapa Isiolo

Wakuu, poleni na kazi. Wa salaam aleikum nawasalimu, wa habari zenu pia nawasalimu, na wale wa kupitia kimyakimya bila kuacha comment, nimewaona.

Ninachoandika hapa nilikuwepo mwenyewe. Chumvi nimeiacha jikoni. Kama kuna mtu wa mitambo humu ataona nimekosea mahali, anirekebishe, lakini asome mpaka mwisho kwanza.

Naitwa Akiru, Mturkana wa Isiolo town, nyumbani ni Wabera. Nilisomea diploma ya instrumentation. Hivyo ni vipimo vinavyokaa kwenye mabomba ya kiwanda na kuambia watu joto likoje, presha ikoje, mtiririko ukoje. Nyumbani wakiulizwa nilisomea nini husema "stima". Nimechoka kuwarekebisha.

Sasa twende kazini.

Baada ya serikali za kaunti kuja, vikundi vya akina mama viliamka sana hapa kwetu. Kimoja kilikuwa cha wauzaji wa maziwa ya ngamia. Kilihangaika, kikapata nyumba, halafu kikapata mtambo mdogo wa kupasteurize maziwa, yaani kuyapasha moto kuua vijidudu. Mimi nikachukuliwa kuwa operator, kwa majaribio kwanza.

Kwa wasiojua hii biashara: maziwa hutoka Kinna na upande wa Garbatulla kwa pickup, yanafika town, yanapakiwa kwenye basi la Nairobi yakiwa mabichi. Basi likiharibika njiani, maziwa yanaganda, na hasara ni ya mama. Ndiyo maana mtambo ulitakiwa.

Mwenyekiti alikuwa Mama Darmi, mama wa Kiborana ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hana haja nayo. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba wenzake, siku ya kwanza msipakie basi, leteni maziwa kwenye mtambo. Wengine walikubali kwa sababu ni yeye aliyeomba, basi.

Aliyekuwa mgumu ni Hawo. Hawo ameuza maziwa town hii tangu mimi sijazaliwa, na alikuwa akisema wazi kwamba mashine haijui ngamia. Alileta maziwa yake, lakini alikaa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Kwa hivyo asubuhi ile, kila tone lililokuwa mle ndani lililetwa kwa neno la Mama Darmi. Yakiharibika, hakuna ambaye angemsikiza tena. Na mtambo ungegeuka kuwa stoo ya mbuzi.

Fundi aliyeufunga mtambo aliitwa Mutiso, alitoka Nairobi. Mtu mzuri, mchapakazi, ila hali nyama ya ngamia, na hilo tulimsamehe. Alikuwa ameujaribu mtambo kwa maji siku kadhaa. Maji yalipita kama yanaenda harusini.

Siku ya maziwa, tukawasha.

Pampu ikanguruma vizuri. Akina mama wakapiga vigelegele. Kidogo hivi, ngurumo ikabadilika, ikawa kama mtu anayevuta soda iliyoisha kwa mrija. Halafu kimya. Kwenye skrini kukatokea maandishi mekundu: FAL-103.

Mutiso akawasha tena. Ikaenda, ikazima. FAL-103.

Akawasha tena. Hivyo hivyo. Sasa sisi sote tumejazana mbele ya skrini kama watu wanaotazama mpira, kila mtu na maoni yake. Mmoja alitaka izimwe ipumzike. Mwingine alitaka iombewe.

Mutiso akapangusa jasho akasema, "Hii pump imekufa. Wacha niitishe ingine Nairobi."

Wakuu, mnajua jua la Isiolo. Pampu kutoka Nairobi ingefika kesho yake, tena kwa bahati. Yale maziwa hayakuwa na kesho. Hawo akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Basi ya Nairobi inatoka saa ngapi?"

Mama Darmi alinitazama mimi. Nilimpenda yule mama.

Nikaenda ofisini kuchukua mchoro.

Huu mchoro wa mabomba na vipimo, wazungu wanauita P&ID, ulikuwa umebandikwa ukutani karibu na kalenda. Kila mgeni akiingia anausifu. Hakuna aliyekuwa akiusoma.

Ngoja hapa niwafundishe kidogo, bure kabisa.

Kwenye ule mchoro kila kipimo ni duara dogo lenye herufi. Herufi ya kwanza inakuambia kinachopimwa. T ni joto, P ni presha, F ni mtiririko, L ni kiwango kwenye tenki. Zinazofuata zinakuambia kipimo kinafanya nini. I kinaonyesha tu, C kinaongoza, A kinapiga kengele. Namba ni ya kukitambua kisichanganywe na wenzake. Na L ikikaa mwisho sio kiwango tena, ni "chini". Msiniulize kwa nini, sikuwa kwenye kikao hicho.

Kwa hivyo FAL: mtiririko, kengele, chini.

Ndiyo hivyo tu. Mtambo ulisema maziwa yanapita kidogo, kwa hivyo naizima pampu isiungue. Haukumtaja pampu kama mshtakiwa. Ni sisi tuliomkamata. Mfereji ukikauka nyumbani, hununui mfereji mpya kabla hujaangalia kama kuna mtu amekanyaga mpira wa maji.

Nikaweka kidole pale kwenye FAL nikarudi nyuma kwenye mstari, polepole. Pampu. Kabla ya pampu, chujio. Na pembeni ya chujio kuna kiduara kingine: PDI-101.

P ni presha. D ni tofauti. I ni kuonyesha. Hicho ni kipimo kinacholinganisha presha kabla ya chujio na baada ya chujio. Tofauti ikiwa ndogo, maziwa yanapita. Tofauti ikiwa kubwa, chujio limezibwa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kile kiduara hakikuwa na mstari katikati.

Wa fani wameshaelewa. Kwa wengine: duara lenye mstari katikati, kipimo chake unakisoma ukiwa kwenye panel, umekaa kwenye kiti chako. Duara tupu, kipimo kiko kulekule kwenye bomba. Kukisoma ni uende na miguu yako. Skrini ile tuliyokuwa tumeikodolea macho asubuhi nzima haikuwa na habari yoyote juu ya chujio, na haingekuwa nayo hata tungeiombea.

Nikamwambia Mutiso, "Kuna geji ya chujio. Iko wapi?"

Akafikiria. "Iko nyuma ya tank. Hiyo huwa zero."

Ilikuwa nyuma ya tenki kweli, chini, imeelekezwa ukutani, bado imefungwa plastiki ya safari. Nilipiga magoti na nguo yangu ya siku ya kwanza, nikairarua ile plastiki kwa meno. Mutiso akawasha tena, na mshale ukalala mwisho kabisa, upande mwekundu.

"Lakini jana ilikuwa zero," Mutiso akasema.

"Jana yalikuwa maji."

Tukafunga valvu, tukafungua chujio. Ndani kulikuwa kweusi. Masizi na vipande vya makaa vimeshikana na mafuta ya maziwa kama uji uliochomeka. Mutiso akaruka nyuma. "Hii ni nini? Nani ameweka uchafu?"

Halafu Hawo akaanza kucheka pale mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta.

Wakuu, kwetu maziwa hayaingii kwenye mtungi mtupu. Mtungi unafukizwa kwanza. Unachukua kijinga cha mti mzuri, unakitia ndani kikiwaka, unafunika, unatikisa, moshi unakolea. Hapo mtungi umekuwa safi, maziwa yanakaa bila kuharibika haraka, na yanapata ile ladha. Makaa yanayobaki unayapangusa, na yasiyotoka, hakuna aliyewahi kuyalalamikia.

Waborana hufanya, Wasomali hufanya, mama yangu Mturkana hufanya. Wala hakuna aliyemwambia Mutiso, kwa sababu hakuna aliyefikiri ni jambo la kuambiwa mtu. Nani humwambia mgeni kwamba ugali hupikwa kwa maji? Mimi mwenyewe mwenye diploma nimekunywa maziwa ya moshi tangu utotoni na halikunijia kichwani.

Mutiso alipoelewa, akatoa suluhisho la haraka. "Basi waache kufukiza."

Mama Darmi akasogea karibu naye. "Kijana yangu, ukitoa moshi, hiyo itakuwa maziwa ya nani? Customer yetu wa Nairobi akifungua mtungi ananusa kwanza. Kama hakuna moshi, anafunga."

"Mimi nilisema," Hawo akadakia, akisimama. "Nipatieni maziwa yangu. Basi bado haijaenda."

Wawili watatu wakaanza kumfuata. Hapo nilipaza sauti, na nikapaza ya kutosha kwa niaba ya Mama Darmi pia.

"Ngojeni! Mashine haijakataa moshi. Imekataa makaa!"

Wakasimama. Sijui kama ni kwa sababu ya maneno au ni kwa kushangaa msichana anawapigia mama zake kelele. Nikaomba radhi, halafu nikaomba kitambaa cheupe kizito. Kikaletwa kutoka duka la jirani mbio. Tukakifunga mara mbili mdomoni mwa tenki la kupokelea, tukayarudisha maziwa yote juu, yapite kwenye kitambaa kwanza. Chujio tukalisugua likang'aa.

Tukawasha.

Mimi sikurudi kwenye skrini. Nilikaa chini sakafuni karibu na ile geji kama mtu anayechunga uji usifurike. Mshale ukipanda, nainua mkono, Mutiso anazima, tunaosha chujio, tunaendelea. Kazi ya konokono, lakini maziwa yalipita. Yakapata joto lake, yakapoa, yakatoka upande wa pili meupe pe.

Kila mtu akashangilia isipokuwa Mama Darmi. Aliinama karibu na sikio langu akaniambia, "Akiru, kama moto imeondoa moshi, mimi nimewadanganya."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Na hilo, wakuu, halina geji.

Kikombe cha kwanza kilikuwa haki yake kama mwenyekiti. Hakukinywa. Alikibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni akampa Hawo.

Hawo akanusa. Akanywa kidogo, akatulia nayo mdomoni. Akanywa tena. Nyumba yote ilikuwa inamwangalia koo. Mutiso alikuwa ameshika kofia yake kifuani kama yuko matangani.

"Moshi iko," Hawo akasema.

Halafu akamgeukia Mama Darmi. "Kesho tunaleta saa ngapi?"

Mama Darmi akaketi juu ya mtungi mtupu, akajifunika uso kwa shuka, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mimi nililia waziwazi, sina aibu. Hawo akamalizia kikombe chote bila kumgawia mtu.

Basi, nililojifunza. Kengele inakuambia kinachouma, haikuambii nani wa kulaumiwa. Soma herufi moja moja kabla hujahukumu pampu ya watu. Na ukiona duara tupu kwenye mchoro, inuka kwenye kiti.

La pili linawahusu hata wasiojua bomba ni nini. Nataka kusikia kutoka kwenu: kazini kwenu kuna jambo gani ambalo kila mwenyeji analijua, hadi hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni? Na liliwagharimu nini?

Tiririkeni hapo chini. Wa mitambo, makosa yangu pia nayapokea, ila mje na mchoro.