Safari ya Kumfuata Shabani Usinge

Nilikwenda Usinge kwa sababu baba hakuweza kwenda. Habari ilitufikia Tabora kupitia stesheni: mdogo wangu Shabani, askari wa Idara ya Wanyama, ameuawa na tembo. Zama zile za Mwingereza, askari kama yeye walipelekwa vijijini kulinda mashamba, na wanyama pia. Baba, mzee asiyeiweza tena safari, alinipa nauli. Nikafunga karakana yangu ya useremala, nikanunua sanda, nikaenda kupanda treni.

Asubuhi tuliondoka kuelekea Kigoma. Tukapita Urambo, tukapita Kaliua, mvua inanyesha na miombo imefunga pande zote mbili. Abiria mwenzangu aliuliza sanda ni ya nani. Nikamwambia. Akanipa pole.

Alasiri, Usinge, nilipokewa na Mihayo, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tumeshamzika, joto halingoji. Sisi hapa ni Wakristo, basi tukamwita Mwislamu mwenye duka la stesheni. Ndiye aliyemwosha, akamsalia, akatoa na sanda dukani mwake."

Nikaenda kumshukuru mwenye duka. Ile yangu nikamwachia, badala ya yake.

Kulipokucha, Mihayo alinipeleka shambani kwa Mama Kabula, mjane. Mahindi yake yalikuwa yamelala matopeni.

"Nilimwambia Shabani amuue tembo," mama yule alisema bila kuniangalia. "Akasema, 'Mama, huyu ana mtoto. Nitamtisha tu.' Akapiga bunduki hewani. Tembo akamjia."

"Tembo huyo yuko wapi sasa?"

"Walikuja askari wengine wakamuua," Mihayo akajibu. "Kijiji kizima kimekula."

"Mimi sikula," Mama Kabula akasema.

Kisha akanionyesha ukingoni mwa pori. Penye mifupa ya mama yake alisimama mtoto wa tembo, mdogo, mbavu zinahesabika, akiipapasa mifupa kwa mkonga.

"Bado wa kunyonya," Mihayo alisema. "Hana siku nyingi za kuishi."

Nilisoma Fatiha kaburini, nikapanda treni ya kurudi. Njiani ndipo nilipoielewa kazi ya ndugu yangu: alitumwa kulinda pande mbili, na pande hizo zilipogongana, alisimama katikati, peke yake.

Nyumbani nilisimulia yote. Mama, ambaye tangu msiba uingie hakuwa ametoa chozi, aliuliza:

"Huyo mtoto mmemwacha na nani?"

"Hana mtu, mama."

Hapo ndipo alipolia.