Maneno Yote ya Seneta Kolbeck

Ardis Tveit aliandika maneno ya watu mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu wa kazi ile hastaafu hata mumpe saa ya ukutani na keki. Ukimsimulia jambo dukani, vidole vyake huchezacheza juu ya mkoba. Haongezi, hapunguzi. Orlin, mumewe, alikuwa akisema kwamba kuoa mwanamke wa namna hiyo kuna hasara moja tu: huwezi kukana ulichosema.

Kwa hiyo chama cha sanaa cha Dakota Kusini kilipotafuta watu wa kujitolea, wawaulize wabunge wa jimbo msimamo wao kuhusu fedha za umma za sanaa, mji wa Marstad ulimtoa Ardis. Fomu ikaja kutoka Pierre, mji mkuu wa jimbo, na visanduku vitatu: anaunga mkono, anapinga, hajaamua. Ardis aliikunjia uso.

"Mahakamani hakuna aliyewahi kusema kisanduku," alimwambia Janelle, dada wa ofisi ya chama, kwenye simu.

"Bi Ardis, weka alama tu, tafadhali. Wabunge wako mia na tano."

"Alama nitaweka. Na nyuma ya karatasi nitaandika alichosema."

Janelle akaguna. Vijana wa ofisini wana haraka zao.

Msidhani Ardis alikuwa mtu wa kushinda kwenye majumba ya picha. Alichokitaka ni kimoja. Kila mwaka wakati wa baridi fedha zile zilimleta msanii mmoja Marstad kwa wiki mbili, asubuhi na watoto wa shule, jioni na yeyote apendaye. Mwaka mmoja akaja mchonga miti. Orlin, muuza mbegu aliyebania maneno kuliko bahili anavyobania senti, alikwenda shuleni kutengeneza kipasha joto, akabaki. Alichonga bata. Sura ya bata yule tuiache. Lakini jioni zote zile, wakila, alimweleza mkewe habari za mti na mishipa yake, akatoka hapo akafika kwenye mikono ya baba yake, akafika mpaka kwenye mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu. Ardis husema wazi kwamba katika wiki zile mbili ndipo alipomjua mwanamume aliyelala naye miaka thelathini na sita. Orlin alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo mama huyu aliwatakia majirani zake wote wiki mbili kama zile, na hakuona haya kusema hivyo kanisani.

Februari ile kamati ya bunge ilikuwa karibu kupiga kura ya kuzifuta fedha hizo kabisa. Jumamosi, kama ilivyo desturi wakati wa bunge, waheshimiwa walirudi nyumbani, wakaketi nyuma ya meza ndefu katika kituo cha zimamoto, wakanywa kahawa nyepesi na kujibu maswali. Huku kwetu hakuna anayekukatalia usoni. Mbunge akisema "hilo ni la kutazamwa", chukua kofia yako uende, umeshanyimwa. Ndiyo maana Seneta Royce Kolbeck, mfuga ng'ombe na mjumbe wa kamati ile, aliogopwa. Yeye hukataa kwa sauti.

"Fedha za sanaa? Sizitaki," alisema, na ukumbi ukaanza kunong'ona. Waliokuwa na kalamu waliandika neno hilo, wakaenda kujaziwa kahawa. Kolbeck bado alikuwa anazungumza, ila aliyebaki kumsikiliza ni Ardis peke yake.

Kikao kilipokwisha alimfuata penye makoti. "Seneta, nikusomee ulichosema, unirekebishe."

"Wewe mama, hapa si mahakamani."

"Najua. Mahakamani ungekuwa umevua kofia."

Kolbeck akacheka, akavua. Ardis akasoma: "Sizitaki. Zinaishia kwenye miji ambayo tayari ina kitu. Zingekuwa zinakwenda kule ambako watu hawafiki mia sita, na shule haina mwalimu wa muziki, ningenyoosha mkono mimi mwenyewe."

"Ndivyo. Na ongeza kwamba sanamu za vyuma zisizojulikana ni mnyama gani bado sizipendi."

Akaongeza. Nyumbani, alipokuwa akipiga chapa, ndipo vidole vilipomsimama. Marstad ina watu mia sita na kumi na wanne.

Jumatatu asubuhi Janelle alipiga simu akiwa hoi. Kamati imegawanyika, wanne kwa wanne. "Kolbeck nimeshamfuta, kila mtu ameniletea alama ya kupinga. Nimebaki na seneta mmoja wa mashariki, anasema atatazama. Huenda akatufaa. Kama wewe huna kitu, nianze kumbembeleza yeye."

Hapo ndipo ninapomvulia kofia mama yule. Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Angesema "sina kitu", kisanduku cha kupinga kingebaki kweli, kwa kuwa seneta alisema hazitaki. Marstad ingebaki na nafasi yake kupitia yule seneta wa mashariki, nyembamba lakini ipo. Aliisoma karatasi tena mpaka Janelle akauliza kama simu imekatika.

"Haijakatika," alisema Ardis. "Chukua kalamu." Akasoma yote, pamoja na sanamu za vyuma.

"Subiri, Bi Ardis. Watu mia sita? Marstad mko wangapi?"

"Andika kwanza," alisema Ardis. "Kuhesabu utahesabu baadaye."

Alhamisi Kolbeck alinyoosha mkono. Fedha zikabaki, kwa sharti lake lile lile, neno kwa neno.

Marstad haikumpigia makofi. Dukani Phyllis Oen, rafiki yake wa tangu utotoni, alimwambia mbele ya watu, "Ardis, umetuuza kwa watu kumi na wanne." Ardis alijibu kwamba ni kweli, akalipia maziwa yake. Iliuma. Kwa mwezi mzima alirudi nyumbani kutoka kanisani bila kuongozana na mtu.

Mwaka uliofuata msanii aliyeletwa, mwanamke mpiga fidla, alipita Marstad bila kusimama, akaenda Pell, kijiji cha watu themanini na saba. Ardis akawasha gari akamfuata. Shule nzima ilikuwa ni chumba kimoja na nusu, na wazazi walisimama ukutani na buti zao zenye theluji. Kolbeck naye alikuwepo, na sahani ya keki mkononi.

"Na Marstad anakuja lini?" alimuuliza.

"Haji. Tumezidi mia sita kwa watu kumi na wanne."

Seneta alitafuna polepole, kisha akaacha kutafuna. "Na ulilijua hilo siku ile unanisomea?"

"Nililijua nilipofika nyumbani."

"Si ungenipigia simu, mama? Ningesema mia saba. Mimi ningejuaje?"

"Ningekupigia," alisema Ardis, "yangekuwa maneno yangu."

Kolbeck akaweka sahani chini. Fidla ilipoanza, Ardis alilia waziwazi, na seneta akamvutia kiti.