Tai ya Ukuti

Kundi la simu la waliosoma pamoja chuo cha Tunguu lilipoulizana kila mtu anafanya kazi wapi, Ubwa aliandika, "Nipo Kizimbani." Wenzake wakadhani kaajiriwa kwenye kituo cha huko cha utafiti wa karafuu, wakampongeza wee, naye akawaacha wadhani hivyo. Utafiti gani! Kazi yake ni kuwasukia makuti watalii wanaokuja kutembelea mashamba ya viungo: kofia kwa wanawake, tai kwa wanaume, na shahada yake iko sandukuni kwa mama.

Juzi watalii waliletwa na Zahran, aliyekuwa akikaa naye benchi moja chuoni, sasa meneja wa hoteli. Macho yakagongana.

"Karibu, bwana," Ubwa alisema, akamvisha tai ya ukuti. Zahran akainama avishwe, kisha akaendelea na wageni wake. Ubwa akaona heri: mmoja kashajua, atawaambia wenzake, na yeye atapumua.

Jioni Zahran akaweka kwenye kundi picha yake ya Kizimbani, tai shingoni. Mtu akauliza, "Ubwa umemuona?"

"Sikubahatika," Zahran akajibu. "Nimeambiwa mkubwa yumo mkutanoni."

Pongezi zikaanza upya.