Ochuoga za Lornah

Hata baada ya mazishi, Benta hakuacha kuchuma ochuoga. Matunda hayo madogo meusi huota kwenye vichaka vya miiba nyuma ya shamba lake huko Awasi, na kwa miaka mingi wachunga ng'ombe tu ndio waliyajali. Aliyeyapa thamani ni binti yake, Lornah, aliyefanya kazi katika maabara moja mjini Kisumu. Alikuwa akikamua kutoka kwenye maganda ile rangi nyeusi ambayo, alisema, huenda ikaja kusaidia mishipa ya damu. Mama alichuma, binti akabeba.

Kisha trekta la miwa likamgonga Lornah kwenye barabara ya Muhoroni. Akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Benta hakujua mikono yake aifanyie nini. Matunda yalipoiva alijaza ndoo, akaifunika kwa majani ya mgomba, akaipeleka Kisumu kwa Amir, aliyekuwa akifanya kazi meza moja na Lornah. Amir aliipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Mama. Tutayafanyia kazi."

Basi akawa anapeleka kila ndoo ilipojaa.

Siku moja hakumkuta Amir mezani, akazunguka nyuma ya jengo kumtafuta. Huko, kando ya tangi la maji, alikuta rundo la ochuoga zilizooza, nzi wamezizonga. Katikati yake yalikuwa majani ya mgomba yaliyokauka. Akakaa chini. Hapo ndipo Amir alipomkuta.

"Mama Lornah," alisema polepole, "kazi ile ilisimama alipokufa. Hakuna aliyeiendeleza. Nilishindwa kukuambia."

"Ungeniambia tu. Nimechomwa na miiba bure."

"Kila nilipokuona unaingia na ndoo, niliona kama na yeye yuko nyuma, anakuja."

 Benta akauliza, "Alikuwa anafanyaje? Aliniita mara nyingi nije nione. Nilikuwa namwambia siku nyingine, leo nina palizi."

Amir akachukua ndoo ya siku ile. Aliyamenya matunda, akaponda maganda, akayaloweka ndani ya spiriti, akachuja. Maji mekundu yaliyotoka aliyatia kwenye chupa ya duara inayozunguka juu ya maji ya moto, na spiriti ikaanza kupaa kidogo kidogo. Benta alikaa kwenye kiti cha binti yake, akitazama. Jua lilikuwa limeshainama Amir alipomwonyesha kilichobaki: uji mzito wa zambarau ndani ya kichupa, haujazi hata kijiko.

"Ndoo nzima?"

"Ndoo nzima, Mama. Ndiyo maana alikuwa akirudi nyumbani amechoka vile."

Benta akalia. Kwenye mazishi hakupata nafasi ya kulia. Alikuwa akihangaika na chakula cha wageni. Sasa alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na Amir alikaa karibu naye.

Alipoinuka kuondoka aliomba apewe kile kichupa.

"Kitaharibika, Mama. Rangi hii haiwezi joto wala mwanga."

"Nipe hivyo hivyo."

Alikiweka kabatini, katikati ya nguo za Lornah. Baada ya wiki chache alipokitazama, rangi ilikuwa imegeuka kama chai iliyolala. Hakuchuma tena.